Kabla ya Roketi Kuwashwa

Hotuba hii ilitolewa jijini Mbeya mbele ya walimu wa sekondari, maafisa ugani, wakulima na wanafunzi. Imeandikwa kama ilivyosemwa, isipokuwa marudio machache yameondolewa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu, wakulima, wanafunzi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe na Kyela, ndaga.

Mmenipa mada ya setilaiti zinazochunguza mabadiliko ya tabianchi. Kwenye televisheni mada hii huchukua dakika moja: roketi inawaka, moshi unatanda, watu wanakumbatiana. Mimi nitakaa zaidi kwenye miaka inayotangulia dakika hiyo. Ni miaka 10, wakati mwingine 20, na humo ndimo inapoamuliwa kama chombo kitakachoruka kitaona jambo lenye manufaa kwa mtu wa Mbarali, Mufindi au Rungwe. Roketi ikishawashwa, hakuna tena wa kuombwa.

Nianze na mto wetu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi, kule ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, mwaka 1993. Kabla ya hapo ulikuwa ukipungua, lakini ulipita. Wazee mnakumbuka lawama zilivyogawanywa. Wapo waliosema ni mpunga wa bonde la Usangu, wapo waliosema ni ng'ombe, wengine wakataja miti iliyokatwa milimani, wengine wakasema mvua zimepungua. Kila aliyelaumu alikuwa na ushahidi wa macho yake, na macho ya mtu mmoja hayawezi kulitazama bonde lenye kilometa za mraba zaidi ya 20,000 kwa miaka 30 mfululizo. Lakini kumbukumbu ilikuwepo. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat mwezi Julai 1972, na zilizofuata ziliendelea kupiga picha za ardhi, Usangu ikiwemo, bila mtu wa Usangu kuulizwa wala kujua. Watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walichukua picha za miongo tofauti wakazilinganisha, wakaona mashamba ya umwagiliaji yalivyopanuka na ardhi oevu ya Ihefu ilivyobadilika. Wakaziunganisha na vipimo vya mito na mvua. Tafiti za Usangu zikaonyesha kwamba sababu kubwa ya mto kukauka kiangazi ilikuwa maji yanayochepushwa kwenda mashambani, kuliko upungufu wa mvua.

Nimeutaja mfano huu kwa makusudi, ingawa unaonekana kwenda kinyume na mada niliyopewa. Anayechunguza tabianchi kwa uaminifu lazima awe tayari kuambiwa kwamba hapa, safari hii, tatizo si tabianchi. Ardhi hubadilishwa na mikono ya watu, hubadilishwa pia na hewa inayozidi kupata joto, na mara nyingi mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Huwezi kuyatenganisha bila kumbukumbu ndefu iliyoanza kabla ya ugomvi wenyewe. Walioijenga Landsat miaka ile hawakuifahamu Ihefu. Walichofanya ni kuanza kupima mapema na kutoacha.

Sasa chombo cha namna hiyo hutengenezwaje? Huanza na swali, na swali hilo lazima libanwe sana. "Je, tabianchi inabadilika?" ni swali zuri la mkutanoni, lakini mhandisi hawezi kulitengenezea kifaa. Yeye anataka aambiwe: nipime kitu gani, kwa usahihi wa kiasi gani, sehemu ndogo kabisa ninayopaswa kuiona iwe na ukubwa gani, nirudi hapohapo baada ya siku ngapi, niendelee kwa miaka mingapi. Majibu hayo yakishaandikwa, mengi yaliyobaki yanajifuata yenyewe: antena, urefu wa njia ya kuzungukia, uzito, roketi, gharama.

Nitaeleza chombo kimoja kwa undani, kwa sababu swali lake linatuhusu moja kwa moja. Kinaitwa Biomass, ni cha Shirika la Anga la Ulaya, ESA. Swali lake ni hili: misitu ya ukanda wa joto imebeba kaboni kiasi gani, na kiasi hicho kinapungua au kuongezeka wapi? Mti unapokua hufyonza hewa ya ukaa, na karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Msitu ukigeuzwa mkaa au ukifyekwa na kuchomwa, kaboni hiyo inarudi hewani. Moshi wa magari na viwanda unakadiriwa vizuri kiasi, kwa kuwa mafuta na makaa ya mawe yanauzwa na mauzo yanaandikwa. Kwenye misitu ndiko kuliko na shaka kubwa. Nchi yetu ilifanya tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, kuanzia mwaka 2009. Watu waliingia porini, wakafika kwenye viwanja vya sampuli zaidi ya 30,000, wakazungusha futi kwenye mashina, wakaandika. Wakapata kwamba misitu yetu, ambayo sehemu kubwa ni miombo, inafunika hekta milioni 48.1, yaani zaidi ya nusu ya ardhi ya Tanzania Bara. Ninaiheshimu sana kazi ile. Lakini hakuna nchi inayoweza kuifanya kwa miguu kila mwaka.

Wanasayansi wakiongozwa na Profesa Shaun Quegan wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walipendekeza rada. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanaporudi, kwa hiyo haizuiwi na usiku wala mawingu. Nanyi mnajua milima ya Uporoto ilivyo mwezi Februari: kamera ya kawaida inaweza kupita wiki baada ya wiki isiione ardhi. Ila rada ya aina gani? Wimbi la sentimeta 5 au 6, kama la setilaiti za Sentinel-1, hugonga majani na vijitawi vya juu likarudi, na msitu mzito ukaonekana karibu sawa na ule wa wastani. Wimbi la sentimeta 70 hupenya majani hadi kwenye mashina na matawi makubwa, ambako ndiko kaboni nyingi iliko. Wakachagua sentimeta 70.

Tazameni uamuzi huo mmoja ulivyozaa mengine. Masafa hayo ya redio yalikuwa na wenyewe, na ilibidi mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 utenge kipande kidogo kwa ajili ya kuiangalia dunia kutoka angani. Hata baada ya ruhusa hiyo, zipo rada za Marekani zinazofuatilia vitu vinavyozunguka dunia, nazo zinatumia masafa hayohayo. Kwa hiyo Biomass hairuhusiwi kupima juu ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Nchi zilizogharamia chombo hazimo kwenye ramani zake, na sisi tumo. Kipande cha masafa kilichotolewa ni chembamba, hivyo picha haiwezi kuwa kali: ramani za uzito wa miti zinachorwa kwa vipande vya mita 200 kwa mita 200, ambavyo ni hekta 4 kila kimoja. Mwenye eka mbili za misindano kule Mufindi asitarajie kuliona shamba lake. Halafu tabaka la juu la hewa, lenye chaji za umeme, hulivuruga wimbi refu kama hilo, ikabidi ichaguliwe njia inayokifanya chombo kipite juu yetu alfajiri na jioni, wakati vurugu zinapokuwa chache. Na wimbi refu linadai antena kubwa. Hii ina upana wa mita 12, na hakuna nafasi kama hiyo kwenye roketi iliyochaguliwa. Wakaisuka kwa wavu wa waya, wakaikunja kama mwavuli, wakategemea ifunguke yenyewe huko juu.

Majaribio ya wazo lenyewe yalifanywa kwanza kwa ndege. Rada ya mawimbi hayo ilifungwa kwenye ndege, ikapitishwa juu ya misitu ya Guyana ya Ufaransa, na mwaka 2015 na 2016 ikapitishwa juu ya misitu ya Gabon, huku chini watu wanapima miti iliyokuwa ikipigwa na rada. Gabon ilishiriki kupitia wakala wake wa anga, AGEOS. Liwekeni akilini hilo la Gabon, nitalirudia.

Uchaguzi nao ulikuwa wa ushindani. Mwaka 2013, mjini Graz, Austria, mapendekezo matatu yalitetewa mbele ya wanasayansi: moja la theluji, moja la tabaka za juu za hewa, na hili la misitu. Misitu ikashinda. Biomass ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 29 Aprili 2025, na mwavuli ule ukafunguka salama. Mtoto wa Tukuyu aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa Graz alikuwa, siku ya kurushwa, anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita. Na hapo sijahesabu miaka ambayo wazo lilikuwa bado kwenye karatasi.

Miaka hiyo hutumika kwa nini? Mingi hutumika kutafuta kitakachoharibika. Chombo hutikiswa kwenye meza maalumu kwa nguvu kama za roketi. Hupigwa na sauti kubwa ya spika. Hufungiwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa yote, kikapashwa joto na kupozwa, mara nyingi, ili kuona kama kuna gundi itakayoachia au uzi utakaokatika. Nguvu yote hiyo ni kwa sababu setilaiti ikishafika juu, kilometa 600 au 700, hakuna fundi atakayeifuata.

Na bado vyombo hupotea. Mwezi Oktoba 2005 Ulaya ilipoteza CryoSat, iliyokusudiwa kupima unene wa barafu, kwa kuwa amri moja ilikosekana kwenye programu ya roketi. Tarehe 24 Februari 2009 Marekani ilirusha OCO, chombo cha kupima hewa ya ukaa. Kifuniko cha roketi kikagoma kuachia, uzito ukazidi, na chombo kikaanguka baharini karibu na Antaktika. Kazi ya miaka mingi iliisha kwa dakika chache. Ninalolipenda katika habari hizi mbili za huzuni ni kilichofuata. Wote wawili walirudi mezani wakajenga tena. CryoSat-2 ilipanda Aprili 2010, OCO-2 Julai 2014. Swali lilikuwa limebaki palepale, limeandikwa vizuri, na wenye fedha walikubali kwamba bado linadai jibu.

Nije kwenye mvua, kwa kuwa najua wakulima mmekaa mkiingojea.

Setilaiti nyingi hazipimi mvua. Hukisia. Njia ya zamani ni kutazama joto la kilele cha wingu: wingu refu lina kilele cha baridi kali, na mara nyingi wingu la namna hiyo ndilo linalomwaga maji. Njia hii hufanya kazi vizuri kiasi kwenye tambarare. Inashindwa kwetu. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupandishwa na milima ya Livingstone na Rungwe, ukatengeneza mawingu mafupi, yenye vilele visivyo na baridi sana, na mawingu hayo hunyesha kwa saa nyingi. Setilaiti inayotazama joto la kilele inaweza kusema hakuna mvua ya maana, wakati barabara ya Tukuyu haipitiki. Hapa kwetu mteremko wa kusini wa Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukivuka mlima ukashuka Usangu unakuta milimita 600 au 700. Huo ni mwendo wa saa chache kwa basi.

Marekani na Japani waliliona tatizo la kukisia wakarusha setilaiti ya TRMM mwaka 1997, ikiwa na rada ya kwanza ya mvua kuwekwa angani. Ilifanya kazi hadi mwaka 2015. Mrithi wake, GPM, alirushwa kutoka Tanegashima, Japani, Februari 2014, akiwa na rada ya masafa mawili. Ni hatua kubwa mno. Lakini hata rada hiyo, ikitazama milimani, mwangwi wa mlima wenyewe hufunika mwangwi wa matone yaliyo karibu na ardhi, nayo mvua yetu hujengeka hukohuko chini. Kwa hiyo makadirio yanayotumika sana Afrika, kama CHIRPS, ambayo kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1981, huchanganya picha za setilaiti na vipimo vya chini. Penye kipima mvua kinachosomwa kila asubuhi, setilaiti inasahihishwa. Pasipo nacho, inabaki na kosa lake, na kosa hilo linaingia kwenye ramani, kwenye bima ya mazao, kwenye utabiri, kwenye mipango ya mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Ninaomba tulielewe vizuri jambo hili, hasa walimu. Mtu anayesoma kipima mvua Mporoto au Makete saa tatu asubuhi ni sehemu ya mfumo wa setilaiti, sawa na mhandisi aliyefunga skrubu zake. Ukimwondoa, ramani ya mvua ya mkoa huu inaharibika, na mtumiaji aliyeko Nairobi au Geneva hataona tofauti yoyote kwenye rangi zake.

Kuna mengine nitayapita haraka. Wapo watakaouliza kuhusu zile setilaiti pacha za GRACE, zinazofuatana na kupima mvuto wa dunia ili kujua maji yaliyo chini ya ardhi. Ni kazi ya ajabu, ila huona maeneo ya mamia ya kilometa kwa wakati mmoja. Usangu ni ndogo mno kwake, na anayekuonyesha jibu la GRACE kwa Ihefu peke yake anakudanganya. Setilaiti ya SWOT ya Marekani na Ufaransa, iliyorushwa Desemba 2022, inatufaa zaidi, kwa kuwa inapima kimo cha maji cha maziwa na mabwawa. Rukwa na Mtera inaweza kuyaona vizuri. Mito iliyokusudiwa ni ile yenye upana wa mita 100 na zaidi, na Ruaha ya mwezi Oktoba haifiki huko.

Upande wa bahari, ambako hatuko, kuna jambo la kujifunza. Kupanda kwa kina cha bahari kumepimwa mfululizo tangu setilaiti ya TOPEX/Poseidon ya mwaka 1992, ikafuatwa na setilaiti tatu za Jason, kisha Sentinel-6 mwaka 2020. Sentinel-6 ilipofika juu iliruka nyuma ya Jason-3 kwa tofauti ya sekunde 30, kwa muda wa mwaka mzima, vyote viwili vikipima maji yaleyale, ili wajue kama kipimo kipya na cha zamani vinakubaliana. Ongezeko lenyewe ni wastani wa milimita 3 na kidogo kwa mwaka. Ukibadilisha kipimo bila kulinganisha, milimita hizo zinapotea ndani ya kosa la kifaa. Ndiyo maana wachunguzi wa tabianchi huogopa mwanya katikati ya vyombo viwili kuliko wanavyoogopa chombo kimoja kibaya.

Sasa nirudi Gabon. Kwa nini ndege ile haikuja kuruka juu ya miombo yetu? Miombo haifanani na msitu wa Gabon. Miti yake ni mifupi, hupukutisha majani kiangazi, huungua karibu kila mwaka, na ardhi yake huonekana kati ya mti na mti. Kanuni ya kugeuza mwangwi wa rada kuwa tani za kuni iliyonolewa Gabon itahitaji kunolewa upya Chunya. Hilo linawezekana, kwa sababu viwanja vya NAFORMA vipo, na Sokoine kuna Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni. Ila Gabon walikuwa ndani wakati chombo bado kinabuniwa, na sisi tunaingia kikiwa kimeshafika juu. Tofauti hiyo inauma, na mimi nasema tusikubali ijirudie.

Maswali ya vyombo vitakavyoruka miaka ya 2040 yanaandikwa sasa. Marekani hukusanya wanasayansi kila baada ya miaka 10 kuandika vipaumbele. SWOT ilipendekezwa kwenye orodha ya mwaka 2007, ikaruka miaka 15 baadaye. Ulaya hutoa wito wa mawazo. Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa rasmi Cairo mwezi Aprili 2025, kwa hiyo sasa kuna mlango wa nyumbani. Vijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, na wa Uyole, picha za Landsat hutolewa bure tangu mwaka 2008, za Sentinel pia ni bure. Kompyuta na bando vinatosha kuanza. Andikeni kuhusu mvua ya mawingu mafupi ya Rungwe. Andikeni kuhusu baridi inayounguza viazi Umalila na Njombe, na kama usiku wa jalidi unaongezeka au unapungua. Makala moja iliyopimwa vizuri, yenye namba, husomwa na watu wanaoandaa orodha hizo. Malalamiko hayasomwi.

Nimalizie na ombi lenye kazi ndani yake. Mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, misheni za zamani, shule na vituo vya kilimo, vingi vilikuwa na kipima mvua, na mtu aliandika kwenye daftari kila siku. Baadhi ya madaftari hayo yamo kwenye makabati, stoo na sakristia, yanaliwa na mchwa. Kwa mtu anayetaka kujua kama mvua ya Mufindi imebadilika tangu kabla ya setilaiti kuwepo, hayo hayana mbadala. Mkilipata daftari, msilisafishe wala kuling'oa kurasa. Lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada. Andikeni mahali kipima kilipokuwa kimesimama, hata kama ni "nyuma ya kanisa, upande wa mto", na kama kiliwahi kuhamishwa andikeni mwaka. Kisha pelekeni picha hizo kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ofisi ya hapa Mbeya au ya Iringa, na nakala ibaki shuleni. Walimu wa jiografia nimewaona mmekaa safu ya pili. Naomba baada ya kipindi cha maswali tubaki kidogo, tugawane kata.